Mgonjwa wa Ubao na Mkono Wangu wa Kulia

Nianze na ujinga wangu, maana bila huo hakuna kisa: niliiba kauri mzimuni. Usinitazame hivyo. Haya yalinifika mimi, hapa hapa Munje, na shahidi yupo, jirani yangu Hamisi, ijapokuwa siku hizi akiniona hupita njia nyingine.

Mama husafisha nyumba za wageni Diani. Mgeni mmoja alipoondoka alimwachia mchezo wa mezani: ubao uliochorwa mgonjwa kalala chali, pua yake taa. Mwilini ana vitundu, na kila kitundu kina kiungo cha plastiki. Wewe ndiye daktari. Unakitoa kwa kibano bila kugusa ukingo. Ukigusa, ubao hulia na pua huwaka. Lakini viungo vilikuwa vimepotea, na betri mama alizitia kwenye tochi. Basi ukingo ukiguswa, nikalia mimi mwenyewe badala ya ubao, kwa sauti ya mbuzi. Na viungo je? Nikakumbuka pango la mzimu, ambako wazee huweka sadaka za marashi, vitambaa na kauri, zile kombe ndogo za pwani. Anayeingia hubisha hodi na kutaja jina lake. Mimi nilibisha hodi vizuri kabisa, nikataja jina la mwalimu wetu wa hesabu, nikatoka na kauri za kutia katika kila kitundu.

Jumamosi hiyo, baada ya alasiri, tulikuwa barazani kwetu mimi na Hamisi. Nisikudanganye, nilikuwa bingwa. Mkono wangu wa kulia ulitulia kama maji ya mtungini. "Wewe hata papai usipasue, litakufa!" nikamwambia Hamisi.

"Papai halina pua ya taa," akajibu.

Akatokea mzee mwembamba, kanzu safi. Hamisi akamtolea salamu. Hakuitikia. Alikuwa akizitazama kauri tu.

"Mmezipata wapi hizi?"

"Urithi wa babu," nikasema.

"Basi tucheze. Ukinishinda, ni zako. Nikikushinda?"

Hapo mwenye akili angenyamaza, sivyo? Mimi nikamnyooshea mkono wa kulia. "Chukua huu, mzee! Mzima mzima, na kucha zake. Nimekupa."

Hamisi akacheka mpaka akashika mbavu. Mzee hakucheka. Akakaa mkekani.

Kibano hakukitaka. Alitumia vidole, na vidole vile, niamini, havikuwa na mikunjo kwenye viungo. Laini kama mshumaa, havitikisiki hata chembe. Akatoa kauri ya moyo. Kimya. Akatoa ya goti. Kimya. Zamu yangu ikafika. Nikalenga ya kooni, pumzi nimeibana, nikaugusa ukingo kidogo tu, kiasi cha unywele.

Ubao ukalia. Pua ikawaka nyekundu.

Nami sikuwa nimefungua mdomo! Hamisi akaugeuza ubao: pahali pa betri patupu. Tulipoinua macho, baraza ilikuwa na sisi wawili tu, na kauri hazipo. Kibano kikaniponyoka. Nikakiokota, kikaniponyoka tena. Hamisi alikimbia akaacha ndara zake.

Tangu siku hiyo mkono huu hutetemeka. Haushiki kalamu wala kifungo cha shati. Hospitalini waliupima wakasema hawaoni kitu. Mama akanipeleka kwa mtunza mzimu, na marashi yetu mkononi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaturudishia marashi. "Kilichoibwa kimekwisha kurudi," akasema. "Kilichotolewa kwa kinywa cha mwenyewe, mimi sina dawa yake." Mwakani nina mtihani wa mwisho. Haya naandika kwa kidole gumba cha kushoto, kwenye simu ya mama.

Basi wewe unayecheka, tania utakavyo, lakini usimwambie "nimekupa" mtu usiyemjua. Unajuaje kama hapokei?

Jana tulikuwa kwenye sinia, na kwetu hakuna anayekula kwa kushoto. Mkono wa kulia ukamwaga wali wote mkekani. Nikasema nalisha kuku. Hakuna aliyecheka. Mama akanisogelea, akafinyanga tonge, akalileta mdomoni pangu, akasema: "Haya, fungua huo mdomo uliougawa mkono. Kula, mwanangu, maadamu mimi ningali hai."