Changu Mwenye Kitunguu Thomu

Mume wangu Sufian amekuwa mvuvi kwa miaka kumi na moja, tangu tulipohamia Sterling, huku Marekani. Kabla ya hapo, huko Tanga, hakuwahi kuvua hata dagaa.

Najua kwa sababu nilimjua akiwa muuza barafu. Alikuwa akileta mabonge kwenye genge la samaki la marehemu baba yangu, gunia begani, maji yakimchuruzika mgongoni mpaka kwenye visigino. Hakuwa na chombo, hakuwa na mshipi, na kuogelea hajui hadi leo. Lakini siku yake ya kwanza ya kusafisha ndege pale uwanjani Dulles alikaa kula na Mkongo wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, aitwaye Tharcisse. Mmoja akasema kwao alikuwa mvuvi. Mwingine akasema, "Hata mimi." Nani alianza, mpaka sasa hawajakubaliana. Tangu siku hiyo wanaitana Nahodha.

Niliwaacha. Niliona mtu anayesugua vyoo vya ndege siku nzima anaweza kuachiwa bahari kidogo. Tatizo ni kwamba bahari ile haikukaa kidogo. Kila harusi, kila maulidi, Sufian akiulizwa ya kwao hunyoosha mikono kuonyesha samaki aliyempata, na kila mwaka mikono inazidi kuachana. Siku moja ukumbini Woodbridge alimpiga bibi harusi kibao cha shavu akionyesha mkia wa nguru.

Kisha Yumna, binti yetu wa miaka kumi na saba, akaandika insha ya kuombea nafasi chuoni. Alinisomea jikoni nikikaanga vitumbua. Insha ilianza hivi: "Baba yangu alijifunza subira baharini." Vitumbua viliungua vyote. Nikamwambia ni nzuri sana, nikaenda bafuni nikafungulia maji ili asinisikie nikihema.

"Bado sijaituma," aliniambia kupitia mlangoni. "Nataka nimwone kwanza akivua kweli. Niongeze aya moja ya mwisho."

Nafasi hiyo ikaja yenyewe, nami niliiogopa tangu siku ilipotajwa. Séraphine, mke wa Tharcisse, anamtunza bibi mmoja wa Kimarekani, na watoto wa yule bibi wana nyumba ya mbao ya familia kando ya ziwa, kaskazini karibu na Kanada. Wakasema, kwa wema wao, nendeni mkapumzike siku nne. Waume zetu walipopewa habari walifurahi kwa sauti kubwa mno. Sufian aliniuliza baadaye, taratibu, "Hilo ziwa lina kina?"

Nilifungasha jaketi sita za kuokolea maisha kwa watu watano. Nilifungasha pia sanduku la barafu lenye changu watatu kutoka duka la Waafrika Hyattsville, nikiwa nimewapasua, nimewakata mikato ubavuni, nikawajaza kitunguu thomu na manjano. Siwezi kuipeleka familia yangu mahali ambapo chakula lazima kwanza kidanganywe kwa nyungunyungu. Sufian mwenyewe ndiye aliyelipanga lile sanduku, tabaka kwa tabaka, na hakuruhusu mkono wa mtu mwingine uliguse. Tharcisse alikuja na fimbo mpya ya kuvulia, bado ina karatasi ya dukani, na mfuko mdogo wa ngozi aliouweka mapajani saa kumi zote za safari. Nilichungulia. Ndani mlikuwa na mashine ya kunyolea, mikasi miwili na brashi. Nikajiuliza, mvuvi gani huyu.

Juu ya meko ya ile nyumba palikuwa na samaki mkubwa aliyekaushwa na kubandikwa kwenye ubao, mdomo wazi kama anayetaka kudai kitu.

"Ami Tharcisse, huyu ni samaki gani?" Yumna aliuliza. Husema Kiingereza tu, mimi naandika kwa Kiswahili.

Tharcisse alimtazama samaki kwa muda mrefu. "Uyu? Uyu iko wa ukutani."

"Kweli kabisa," Sufian akasema. "Wapo wengi huku."

Siku ya kwanza mashua ilikuwa imefungwa kwenye gati ikiwasubiri. Walisimama mbele yake na jaketi zao, ambazo niliwavalisha tangu jikoni.

"Nahodha, weye kwanza," Tharcisse akasema.

"Haiwezekani, Nahodha. Wewe ni mtu wa ziwa. Mimi wa maji ya chumvi."

"Mais non! Wa mer, wa bahari, ndiye mukubwa. Panda."

"Mkubwa humpisha mgeni."

"Mugeni gani? Sisi wote tuko bageni hapa!"

Waliheshimiana hivyo kutoka saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Mwishowe walikubaliana kwamba upepo si mzuri, ingawa hata jani halikutikisika, wakavua wakiwa wamekaa gatini. Siku ya pili upepo ulikuwa mbaya vilevile. Hawakupata kitu. Yumna alikaa nyuma yao na simu mkononi, akirekodi migongo miwili. Jioni ile aliniuliza, "Mama, baba anaumwa?" Nilimjibu amechoka na safari. Aliniangalia kidogo zaidi ya kawaida.

Asubuhi ya tatu, baada ya kuswali alfajiri, nilichukua changu mmoja, nikamsuuza manjano, nikamficha ndani ya kanga, nikashuka gatini. Wanaume walikuwa wameziacha fimbo zao zimesimama na mishipi majini, eti samaki wazizoee. Nilimkuta Séraphine amepiga magoti pale, na kitu kimefungwa ndani ya kitenge chake.

"Bonjour, Mama Yumna."

"Sabalkheri, Séraphine. Umeamka mapema."

"Natafuta hewa."

"Na mimi hewa."

Tulitazama ziwa. Hewa ya Séraphine ilinukia moshi, na nadhani yangu ilinukia thomu. Alisogea kushoto kwenye fimbo ya mumewe, nami nikasogea kulia kwenye ya mume wangu, tukapeana mgongo. Nilimtunga changu kwenye ndoana, nikamshusha polepole asijipigize. Tulipomaliza tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, hatukuulizana kitu.

Saa mbili sote watano tulikuwa gatini. Sufian alishika fimbo yake, akahisi uzito, na uso ukambadilika. "Yumna! Rekodi!"

Akavuta. Changu akatoka majini akining'inia, mtulivu, tumbo wazi.

Sufian alimtambua changu. Alimtazama yule samaki, akanitazama mimi, kisha akamtazama tena samaki. Pale kwenye mikato palikuwa na vipande vyeupe vya thomu ambavyo maji hayakuvitoa.

"Mashallah," akasema kwa sauti ndogo.

"Baba, mbona amekatwakatwa?"

"Alikuwa na ugomvi."

Tharcisse hakutaka kupitwa. Alivuta fimbo yake kwa nguvu, na kikatoka kitu cheusi cha mviringo kama ngata ya kubebea mzigo. Alikuwa kambale wa moshi, aliyekunjwa kama wanavyouzwa madukani, mkia umeingizwa mdomoni na kuchomekwa kijiti.

Tharcisse alimgeuza huku na huku.

"Na huyu," Yumna akauliza, "mbona anauma mkia wake?"

"Njaa," Tharcisse akajibu.

Sufian angeweza kucheka, lakini wa kwake ana thomu. Akampa mwenzake mkono. "Hongera, Nahodha. Samaki wa shida sana huyo."

"Merci, Nahodha. Hata wako amepiganaka vizuri."

Hapo ndipo mashua ya injini ilipojisogeza gatini, na kijana mmoja mwenye sare ya kijani na bastola kiunoni akashuka. Alikuwa bwana samaki wa jimbo. Beji yake ilisema Ethan. Nilianza kuhesabu vichwa, kama nifanyavyo nikiona sare yoyote. Aliomba leseni za kuvulia kwa adabu, akaziona, akashukuru. Kisha akachungulia ndoo tulimowatia wale samaki, akachungulia tena.

"Mmewapata hapa?" aliuliza.

"Hapa hapa," Tharcisse akasema, kabla mtu hajamziba mdomo.

Ethan alivaa glavu. Alimpima changu, akaandika. Alijaribu kumpima kambale, akaanzia kichwani, akazunguka, akajikuta amerudi kichwani. Akamnusa.

"Huyu alikufa lini?"

"Sasa hivi."

"Ananuka moto."

"Alisumbuka sana," Tharcisse akasema.

Ethan hakucheka. Alitueleza polepole, kama mtu anayeogopa kututisha, kwamba samaki hawa si wa maji haya. Kama kuna mtu amewaachia ziwani wakiwa hai, ni jambo zito. Lazima apige simu, upande huu ufungwe, waje watu na nyavu kutafuta wengine. "Kwa hiyo nauliza tena, na hili naliandika. Wamevuliwa hapa?"

Yumna akasimama mbele ya baba yake. "Ndiyo. Nimeona kwa macho yangu. Ninayo video. Baba yangu ni mvuvi tangu utotoni, nimeandika mpaka insha, unaweza kuisoma." Akaanza kuitafuta kwenye simu. Ethan alishaweka kalamu kwenye karatasi. "Jina lako ni nani?" akamuuliza.

Niliingia kati, jina la mwanangu lisiandikwe chini ya uongo wetu. "Samaki ni wangu!" nikasema. "Nilimnunua Hyattsville. Nimemtunga mimi kwenye ndoana. Muulize Séraphine."

"Miye uniulizie wangu tu," Séraphine akasema. "Ndiyo, ni wa magasin, wa duka."

Ethan aliondoa kalamu. Lakini Yumna hakumtazama tena. Alinigeukia mimi. "Kwa nini, Mama? Kwa nini umtungie? Baba angempata wa kwake."

Jibu lilikuwa la baba yake kutoa. Nikamtazama Sufian. Alikuwa ameshika ncha za jaketi yake kwa mikono miwili, kama mtoto aliyevalishwa kwenda shule. Mikono iliyokuwa ikinyooshwa ukumbi mzima sasa haikuwa na pa kwenda.

"Yumna," akasema. "Mimi sijawahi kuvua. Nilikuwa nauza barafu. Wavuvi waliniagiza, nikawapelekea. Chomboni nimepanda mara moja, nikatapika, wakanirudisha."

Aliyejibu ni Tharcisse. "Barafu?" Alimkazia macho. "Miaka kumi na moja! Unaniita Nahodha, najiona mukubwa, nashindwa kulala na uwoga nikisikia lac, ziwa, na weye uko wa barafu?"

"Na wewe?"

Tharcisse aliukumbatia mfuko wake wa ngozi. "Miye nilikuwa coiffeur. Pale ku port. Nilinyoa bavuvi bote ba Uvira. Ile yote nilikuambia, ni bo balikuwa banasema ku kiti ya kunyolea."

"Na yule mamba unayemsimulia kila harusi?"

"Mamba ni ya kichwa ya muteja mumoja, nywele ngumu sana."

Séraphine alianza kucheka, akakaa chini gatini akashindwa kuinuka. Ethan alitutazama mmoja mmoja, akakunja karatasi, akaichana. Alisema atamwambia mkubwa wake kwamba ziwa ni salama. Lakini aliomba msaada. Alikuwa na sanduku lake mashuani, na ndani yake sampuli za samaki wa kweli wa kupelekwa kupimwa, safari ya saa tatu, na barafu yake ilikuwa imeanza kuwa supu.

Akalishusha gatini, na Sufian akainama, akalifungua. Akatikisa kichwa. "Nani kapanga hivi? Umeacha hewa katikati. Maji hayana pa kutokea." Akavua ile jaketi, na kwa mara ya kwanza sikumzuia. Alitoa bonge kwenye sanduku letu, akalivunja kwa mgongo wa kisu, pigo moja, likapasuka palepale alipotaka. Akatandika chini, akalaza samaki, akaziba kila tundu kwa vipande vidogo, akafunika kwa gazeti lililolowa. Mikono ilikuwa inajua. Haikuachana zaidi ya ilivyotakiwa. Ethan alipiga magoti pembeni akiangalia, na Tharcisse akawa anamwangalia Ethan kisogoni.

"Kijana, nani alikutendea hivi?" akauliza.

Ndivyo ikawa kwamba asubuhi ile bwana samaki wa jimbo alikaa kwenye kiti cha jikoni mwisho wa gati, taulo shingoni, huku Tharcisse akimtengeneza nywele za upande wa kushoto zifanane na za kulia. Nilimvalisha jaketi ya sita. Kiti kilikuwa karibu sana na maji.

Yumna alikaa juu ya sanduku letu, mgongo kwetu. Nilimhesabu mara tatu. Baadaye nikaona anafuta kitu kwenye simu, anafuta kwa muda mrefu, na nikajua ni ile insha. Sufian naye aliona. Alibaki amesimama, maji yakimdondoka viganjani, hathubutu kumsogelea.

"Bonge moja lilikuwa na uzito gani?" Yumna akauliza, bila kugeuka.

Sufian alianza kunyoosha mikono, akaikamata mwenyewe katikati, akaishusha.

"Kilo ishirini na tano, kiwandani. Nikifika sokoni, ishirini na mbili."

"Na zile tatu?"

"Zilinipita mgongoni."

Yumna akaandika.