Uji Uliomvimbisha Dadangu

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye uso wa mviringo, mashavu yamejaa hadi macho yamebaki madogo. Nikampa heshima yake.

"Shikamoo mama. Mwenye nyumba yupo?"

"Marahaba," akajibu, kisha akacheka kwa sauti ya dadangu. "Mwenye nyumba ndiye huyu, zuzu wewe. Ingia."

Nilibaki nimesimama na mfuko mkononi. Huyu tumelala kitanda kimoja utoto wetu wote, nami nimemwamkia kama mtu nisiyemjua. Ni kweli nilikuwa sijatia mguu Likoni karibu mwaka mzima. Mimi sikai mahali. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimewapikia chai madereva wa malori kule Kipevu, nimekunja mitumba Kongowea, nimefagia ukumbi wa harusi Kisauni, na kazi ya mwisho ilikuwa kwenye kinu cha kusaga unga Changamwe. Kila nifikapo nauliza maswali mpaka watu wanachoka nami, halafu nahama. Lakini mwaka mmoja haumgeuzi mtu namna ile.

Alipoketi na kulegeza leso nilizidi kuduwaa. Tumbo limejaa, chini ya shingo mgongoni pameota kinundu cha nyama, ilhali mikono na miguu imekonda kama ya mtu mwingine. Tumboni mna michirizi ya zambarau, mipana kama vidole. Kidevuni zimemtoka nywele.

"Na mwezi wangu sijauona tangu kabla ya Ramadhani," akasema, akitazama sakafu. "Zahanati wamenipima, sukari iko juu, presha iko juu. Wamesema homoni zimevurugika. Si moja. Zote, eti."

"Zimevurugwa na nini?"

"Chakula. Kila mtu asema ni chakula."

Jirani alisema ni kuku wa kisasa. Fundi cherehani alisema ni mafuta ya chipsi yanayokaangiwa mara kumi. Mama, anayekaa naye, alishikilia kuwa ni mahamri. Basi dadangu akaacha vyote. Niliketi naye nikamtazama anavyokula: mchicha, kipande cha samaki wa kuchemsha, tonge la ugali wa mtama. Anakula kama mgonjwa, na bado anavimba.

Kilichobaki ni kikombe cha uji, asubuhi na jioni. Unga wake ni wa lishe, wa kunawirisha mwili, na anauuza mwanamke wa kichochoro cha pili ambaye mtaa mzima unamwita shangazi. Dadangu alikuwa mwembamba tangu utotoni, na kila harusi aliyokwenda alitaniwa kwamba upepo utampeperusha. Alipoanza uji ule alinawiri upesi, akasifiwa, akaendelea.

Nilichovya kidole kwenye mkebe nikalamba. Uchungu! Mtama, uwele, soya, njugu, vyote nimevisaga, na hakuna chenye uchungu ule. Nikauchekecha unga juu ya sinia. Kwenye chekeche vikabaki vipande vyeupe, vigumu, na kimoja kilikuwa karibu nusu nzima ya kidonge.

Mama hakungoja hata kuvaa viatu. Tulimkuta shangazi mlangoni akipima unga kwa kikombe, naye uso wake umejaa vilevile, duara kama sahani. Sijui kwa nini sikushtuka palepale.

"Shikamoo shangazi..." nikaanza.

"Usimwamkue huyo!" Mama akanikatiza. "Mwulize amemlisha nini mwanangu!"

"Vitamini, bibi wee," shangazi akasema, kikombe kimesimama hewani. "Vitamini vya hamu ya kula. Vinauzwa duka la dawa, natwanga, nachanganya. Na mimi nanywa! Sasa nitajinywesha sumu mwenyewe?"

"Jitazame kwenye kioo, basi!"

Wanawake waliokuwa wakichota maji bombani wakaangua kicheko. Shangazi akajishika mashavu, taratibu, kama anayapima. "Wallahi sikujua," akasema. "Basi leo naacha, mbele yenu nyote." Akaumwaga unga wote mtaroni, debe zima. Tuliporudi nyumbani Mama akaumwaga na wa dadangu, akausuuza mkebe kwa maji ya moto. Siku ile tulikula kwa furaha. Tuliona tumemaliza.

Siku chache baadaye dadangu hakuweza kuinuka kitandani. Viungo vilimuuma, alitapika hata maji, na jasho baridi lilimtoka.

"Sumu yatoka hiyo," Mama akasema, akimpangusa. "Iache itoke."

Hadi alipoanguka mlangoni mwa choo na macho yakageuka. Hapo tukaita tuk-tuk.

Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mimi. Nilimpa vile vipande vya vidonge nilivyovifunga kwenye karatasi, nikamweleza habari ya uji. Nilidhani atashangaa kwamba dadangu alivinywa. Alishangaa kwamba aliacha.

"Ghafla? Vyote kwa mpigo?"

Akatueleza huku anamtundikia maji. Alisema vidonge hivyo vinafanana na homoni ambayo mwili hujitengenezea katika vitezi viwili juu ya figo. Ikiingia kila siku kutoka nje, tena nyingi, inavuruga mengine: sukari, presha, hedhi, hata umbo. Na vitezi vyenyewe, vikiona kazi inafanywa na mwingine, vinalala. Chakula hakikumletea haya, ingawa sasa itabidi akichunge kwa sababu ya sukari. "Ukiondoa vidonge ghafla, mwili hauna ya nje wala ya ndani. Mtu hufa hapo, mama. Nitampa dawa ya aina ileile, kisha tutaipunguza polepole. Ni miezi."

Mama akasimama mbele ya kitanda. "Ileile? Hiyo iliyomharibu?"

"Ya aina hiyo hiyo."

"Astaghfirullah! Hapana. Mimi nimeimwaga kwa mkono wangu!"

Midomo ya dadangu ilikuwa imepasuka. "Mama," akasema, "mimi nataka kuishi. Ondoka hapo."

Mama akaondoka. Dawa ikaingia kwa sindano, na kabla ya adhuhuri dadangu aliuliza kama kuna chochote cha kula, chenye chumvi. Mpaka leo anavimeza vidonge vile, kila mara kidogo zaidi, na mwezi wake haujarudi. Lakini siku ile, nilipomsikia akiomba chakula, nilimnunulia muhogo wa chumvi nikamlisha.

Daktari alikuwa anaandika. Akauliza bila kuinua kichwa, "Kuna mwingine anayetumia unga huu?"

Mama akanitazama.

"Nenda," akasema. "Mwambie ni mimi nimekutuma."

Mlango wa shangazi ulikuwa umerudishwa tu. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, beseni la matapishi kando ya kichwa.

"Nimeacha, mwanangu," akaniambia, kana kwamba nimekuja kumkagua. "Tangu siku ile, hata kijiko. Ila mwili umenishinda."

"Amka shangazi, twende hospitali. Hukutakiwa kuacha hivi. Tulikosea sote."

"Ngoja nivae buibui."

Aliunyosha mkono hadi kwenye nguo, vidole vikashindwa kuishika. Nikamfunika mimi, nikatoka nje kuwaita wale wanawake wa bombani waje tumbebe.