Livu Aliyonipa Meneja

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa mengi nimeshayasahau. Nilikuwa msichana, nikifua mashuka katika hoteli moja kule Diani, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha nyumbani Kibuyuni. Ikaja habari kwamba mama amezidiwa. Nikaenda kwa meneja, Mzungu asiyependa maneno mengi, nikamwambia mama yangu ni mgonjwa, naomba nikamuuguze.

Akanijibu kwa Kiingereza, hata uso hakuinua. Katika yote aliyosema nililishika neno moja tu: leave. Hilo nililijua. Sisi wafanyakazi tulikuwa tukiliita livu, na livu ni likizo. Nikamshukuru sana, nikaondoka mbio.

"Amekuruhusu?" mama aliniuliza nilipoingia.

"Ameniruhusu, mama. Amenipa livu."

"Mungu amjaze kheri."

Alikuwa akiswali palepale kitandani, na kila akimaliza alimwombea yule mtu kwanza, kisha sisi wanawe. Alifariki akiamini kwamba nina bosi mwenye huruma.

Baada ya matanga nilirudi Diani. Nikamkuta msichana mwingine penye mabeseni yangu, nikadhani ananishikia zamu. Karani wa mapokezi, kijana wa bara, ndiye aliyenieleza, naye aliona haya.

"Dada, hakukupa likizo. Alisema kama unataka kwenda, leave, yaani toka, usirudi."

Sikuililia kazi, mwanangu. Nilizililia zile dua za mama.

Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja wa Msambweni aliniambia kwamba leave kwa asili ni maneno mawili. Moja lilitokana na idhini, la pili na kuacha kitu nyuma, na siku hizi yanatamkwa sawasawa. Alinieleza kwa furaha ya msomi.

Basi wewe unayekwenda kutafuta kazi Ukunda, ukiambiwa neno kwa lugha ya mwenyewe, usiitikie kwa kuwa limefanana na unalolijua. Muulize ana maana gani. Akikuona mjinga, na akuone. Na ukija kuwa mkubwa wa watu, sema na mnyonge kwa lugha anayoielewa, hasa unapomfukuza.

Nenda, mwanangu. Mola akupe riziki ya halali, na akukinge na mtu wa kukudhuru nawe ukamshukuru.