Kikopo Ndani ya Kitambaa Kibichi

Mtanisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole. Kusema mbele za watu siwezi kabisa, ndiyo maana nimeandika.

Nafanya kazi kwenye mashamba ya zabibu, Makutupora. Nina mke, na kwa miaka mitatu hatujapata mtoto. Mama yangu, tunayeishi naye kiwanja kimoja, alinihesabia siku moja tukila.

“Baba, tangu umlete huyu tumevuna zabibu mara sita. Kwenu kimya.”

Akasema mavuno yanayofuata yakiisha, mke wangu arudi kwao. Mke wangu alikuwa jikoni, anasikia.

Yeye alikwishapimwa. Damu, picha ya tumbo, mpaka ile picha ya mirija ya uzazi iliyomrudisha nyumbani anatembea ameinama. Huko kliniki, Makole, walimwambia hawaoni tatizo, sasa aje mume. Nilikaa miezi minne nikisema kazi ni nyingi.

Nilipokwenda, muuguzi mmoja, mama wa umri wa mama yangu, alinipa kikopo chenye mfuniko. Nilimwamkia shikamoo, halafu sikuinua macho tena. Alieleza kwamba siku tatu nisikutane na mke wangu, kisha nitoe mbegu mwenyewe nyumbani, nifikishe kikopo ndani ya saa moja, na nisiache jua likipige. Alisema na mengine, lakini mimi nilikuwa natazama viatu vyake.

“Umeelewa, mwanangu?”

“Nimeelewa.”

Zabibu ikishakatwa tunaifunika kwa gunia lililoloweshwa, isinyauke kabla gari halijafika. Nami nikakifunga kikopo kwenye kitambaa kibichi, nikapanda bodaboda. Nilipokikabidhi kilikuwa cha baridi, nikaona nimefanya vizuri.

Jibu lilisema mbegu zipo, lakini hakuna hata moja inayotembea. Mke wangu aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja. Jioni nilimwendea mama, nikamwambia tatizo ni langu. Aliendelea kupeta mtama mpaka ukaisha kwenye ungo.

“Basi akae,” alisema. “Nani mwingine atakuvumilia?”

Baada ya majuma kadhaa niliitwa kurudia kipimo. Mtu wa maabara, kijana kama mimi, aliuliza kile kikopo cha kwanza nilikileta vipi. Nikamweleza.

“Kitambaa kibichi? Ndugu yangu, ulikuwa unapeleka nyama?”

“Niliogopa jua.”

“Kinakaa kwapani, kipate joto la mwili. Zile uliziua njiani.”

Akanionyesha chumba kidogo chenye komeo. Nilichukua muda mrefu, watu wakagonga mara mbili. Jibu la safari hii lilisema mbegu zinatosha na zinatembea vizuri. Daktari akasema kwa sasa haoni tatizo kwangu wala kwa mke wangu, tuendelee kujaribu.

Nilimsimulia mke wangu habari ya kitambaa, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza, “Mama utamwambia?”

“Unataka nimwambie?”

“Ukimwambia, mzigo unarudi kwangu.”

Sikumwambia. Mavuno yameisha na mke wangu yupo. Mama hamsemi tena, siku hizi anamwita “mwanangu.” Mimi ananichemshia mizizi, nakunywa, na ndugu wakija ananitetea kama mgonjwa. Hilo silijali sana.

Lakini juzi mke wangu, akiwa anafua, alisema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Alisema, “Nikishika mimba, mama atauliza ni ya nani.”

Mwezi huu amechelewa siku tisa. Hatujakwenda kupima. Nikimweleza mama sasa, ataona nilimficha ukweli ili mke wangu asirudishwe kwao, na ni kweli. Nikingoja, mke wangu ndiye atakayeonekana mwongo. Kama kuna msomaji aliyewahi kukaa katikati hivi, naomba aniandikie alianza kusema nini kwa mama yake. Hata mistari miwili itanitosha, mimi husoma polepole pia.