Mfarishi Uliopata Juu na Chini

Mfarishi ulikuwa wa mama mkwe wangu. Aliunga viraka vya kanga na vitenge vilivyochakaa, akaweka blanketi kuukuu katikati, na wanawake wa kijiji chetu cha ujamaa wakaamua huo ndio apewe mgeni wa kutoka mkoani. Kuupamba nikaachiwa mimi. Nilijifunza kudarizi kwa masista wa Kifungilo, na siku ya mkutano wao nilikuwa Lushoto nauza kabichi. Asiyekuwepo ndiye hupewa kazi.

Uzi wa kijani haukuwapo dukani, wala wa rangi nyingine. Mwenzangu wa sokoni alikuwa nao.

"Kabichi nne," alisema.

"Tatu."

"Nne, shoga. Uzi hauoti."

"Tatu, na majani ya nje ya hii ya nne, ale mbuzi wako."

Tukakubaliana.

Nikadarizi safu ya migomba kwenye ukingo mmoja, majani yakielekea katikati. Nilipofunga fundo la mwisho nikautandika kitandani, nikarudi hadi mlangoni kuutazama kama mnunuzi, kwa kutafuta kasoro. Nikaiona.

Katikati kulikuwa na kiraka cha kitenge cha sherehe za uhuru, chenye mwenge, alama ya taifa. Mwenge ulikuwa kichwa chini, moto ukimwagikia migomba yangu. Kabla sijashika sindano hakuna ambaye angesema umepinduka. Mfarishi wa viraka hauna juu wala chini, unautandika utakavyo. Migomba ndiyo iliyoupa juu na chini, kwa sababu mgomba hauoti kuelekea ardhini.

Nikamwita mama mkwe. Macho yake yalikuwa na ukungu. Akainama, akapapasa kiraka.

"Ni ule mwenge?"

"Ndiyo, mama."

"Umesimama?"

"Umepinduka."

Akakaa kitandani polepole. Najua sote wawili tulimfikiria jirani yetu aliyeropoka kwenye mkutano wa kijiji kuhusu shamba la pamoja, gari likaja kumchukua. Alirudi baada ya vuli, na tangu hapo ukimsalimia anaangalia kwanza nyuma yako. Na yeye alikuwa kijana. Mama alikuwa na kifua; sakafu ya mahabusu, kwa baridi ya kwetu, isingemrudisha.

"Viraka nimeunga mimi," alisema. "Wakiuliza, wewe umeshona migomba tu."

"Wakiuliza, hatujui kitu sote. Nyanyuka, mama, umekalia ushahidi."

Hakucheka. Nami sikucheka.

Nikajaribu kufumua mgomba mmoja. Sindano ilikuwa imeacha vitundu mstari mzima, mtu angeuona mgomba hata bila uzi. Kiraka kingine cha kuziba hatukuwa nacho, na mgeni alikuwa anakuja keshokutwa. Nikawaza: kilicholeta juu na chini ni migomba, basi migomba iviondoe. Nikafumua sweta la kijani la mume wangu, nikaanza safu nyingine kwenye ukingo wa pili, nayo ikielekea katikati. Ukisimama huku, ya huku imesimama. Ukisimama kule, ya kule. Kila nyayo zilipopita nje nilijichoma kidole. Nilipomaliza nilihesabu sindano zangu mara mbili. Nisingependa mgeni aikute moja kwa mgongo wake.

Siku ilipofika, katibu wa kijiji aliukunjua mfarishi mezani kwa mbwembwe. Akauweka vibaya. Mwenge ukawa kichwa chini mbele ya tumbo la mgeni.

Mgeni akainama. Akatazama muda mrefu.

"Huu juu yake ni wapi?" aliuliza.

Katibu akatoa macho. Mama akajibu kabla sijafungua mdomo:

"Pale utakapoweka kichwa chako, baba."

Mgeni akaangalia migomba ya huku, akaangalia ya kule. Kisha, kwa mikono yake mwenyewe, akauzungusha mfarishi hadi mwenge ukasimama.

"Basi mimi nitalala hivi," alisema, akacheka.

Tulisubiri tuone kama kicheko ni cha kweli, halafu watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Alikuwa amenishika mkono chini ya kanga, na hakuuachia hata gari la mgeni lilipokuwa limeshateremka kona ya kwanza kuelekea Mombo.