CD ya Pili

Nyumbani kwetu Mabanga, chini ya televisheni, kuna mashine tatu zilizokufa. Ya chini kabisa ni ya kaseti za video, nzito kama jiwe la volkano. Juu yake ni ya CD. Juu ya hiyo ni ya DVD, nyembamba, ambayo mlango wake haufunguki tena. Mama amezifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, na mgeni asiyejua hudhani ni meza. Kila tuliponunua moja, muuzaji alituambia maneno yale yale: hii ndiyo ya mwisho, baada ya hii hamtahitaji nyingine. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini kuhesabu hadi tatu najua.

Hatukuzinunua ili tutazame filamu. Zote tatu tulizinunua kwa ajili ya kitu kimoja, yaani harusi ya baba na mama.

Baba alifariki nikiwa na miaka minne, na dada yangu akiwa bado tumboni. Picha zake tulizo nazo ni mbili, na moja ni ile ya kadi ya mpiga kura. Lakini harusi yao ilichukuliwa kwenye kaseti, na humo ndani baba anatembea na anasema. Mama anatueleza kwamba kwenye karamu alishika maikrofoni akashukuru watu kwa muda mrefu, akawasalimu wakwe zake kwa Kihunde, lugha yao, mmoja mmoja, watu wakacheka, mpaka padri akamwomba aketi. Dada hajawahi kusikia sauti hiyo. Mimi niliisikia, lakini siikumbuki, na sipendi kudanganya kwamba naikumbuka.

Mashine ya kaseti iliuawa na umeme kabla dada hajazaliwa. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili, uliporudi ukarudi na nguvu zote, na nyumba ikajaa harufu ya plastiki. Fundi aliifungua, akaifunga, akasema vipuri vyake haviuzwi tena popote. Basi mama akapeleka kaseti kwenye studio moja ili waihamishie kwenye CD. Gharama yake ilikuwa faida ya mwezi mzima ya makaa anayouza. Wakampa CD mbili kwenye mfuko wa plastiki. Kwenye ya kwanza waliandika kwa kalamu nene "Misa", na kwenye ya pili "Karamu". Kaseti wakamrudishia.

Juma lile lile mama mkubwa alishuka kutoka Masisi na kapu la maharagwe. Kwetu milimani, mtama unapoanza kukomaa, watu hutoa utepe ndani ya kaseti wakaufunga kutoka kijiti hadi kijiti kuzunguka shamba. Upepo ukipita, utepe unang'aa na kuvuma, na ndege wanaogopa. Mama mkubwa alikuwa akizunguka kwa ndugu wote akiomba kaseti za zamani. Mama akampa ile.

"Iko kwa CD sasa," alimwambia. "Hii haina kazi tena."

Hakuna aliyemlazimisha. Tena hatukuwa na mashine ya CD ya kujaribia. Tulisema tutanunua mwezi unaofuata, na mwezi huo ulichukua miaka miwili.

Mashine ilipofika, CD ya kwanza ilionyesha misa vizuri kabisa. Tulimwona baba akiingia kanisani na koti linalompita mabega, lakini sauti ya kiapo chake ilimezwa na kwaya. Tukaweka ya pili. Mashine ikaizungusha, ikakohoa, ikaandika kwamba ndani hamna CD, wakati sisi wenyewe ndio tumetoka kuiweka kwa mikono yetu. Tuliifuta kwa kitambaa. Tuliipaka dawa ya meno, kwa sababu jirani alisema dawa ya meno inaponya mikwaruzo. Tuliipeleka kwenye mashine za watu wengine, tukarudi nayo. Fundi akasema jicho la mashine limechoka, tununue ya DVD, jicho lake ni kali. Tukanunua ya DVD. Jicho kali nalo halikuona kitu.

Sasa hivi hata mashine za DVD zimemwagwa chini sokoni kama viatu vya mguu mmoja. Televisheni mpya, ile bapa ambayo dada alinunua kwa pesa za ushonaji wake, haina hata tundu la kuchomeka waya wa mashine ya zamani. Ina tundu la flash tu.

Mwaka huu dada alichumbiwa. Mahari yamekwisha kutolewa, na baada ya harusi atahamia Butembo, kwa familia ya mume wake, ambao ni wafanyabiashara wa safari ndefu. Siku moja alikuwa anapiga pasi sare za kwaya, akasema bila kuniangalia:

"Yaya, kaka yangu, naenda kukaa na watu wenye sijazoea. Nataka nisikie sauti ya papa yetu mbele ya kwenda. Kama haiwezekani uniambie tu, niache kungojea."

Nikachukua CD ya pili nikaenda Birere, mtaa wa maduka. Huko kuna mwanaume mwenye kibanda na kompyuta, na kwenye ubao wa mlango ameandika: Kila kitu tunaweka kwa flash. Aliinua CD akaiangalia kwenye jua, kama mtu anayepima yai.

"Petit, mdogo wangu, hii ni ya wakati wa Nuhu."

"Itasoma?"

"Kompyuta yangu inasoma hata ukuta. Uko na flash?"

"Hapana."

"Basi unanunua ya hapa. Na usichukue ile ndogo, harusi haitaenea."

Nikatoa noti ya dola. Akaikunjua, akapitisha kidole pembeni yake, akakuta imechanika kidogo, mpasuko mdogo kuliko chawa. Akanirudishia. Nikaenda kwa wamama wa kubadilisha pesa walioketi na vimeza vyao kando ya barabara, wakaipokea lakini kwa bei ya chini, kwa sababu ni mgonjwa, ndivyo walivyosema. Nikarudi kibandani na franga, pesa za kwetu. Akaniambia nirudi baada ya siku mbili.

Kompyuta yake kweli ilisoma. Nilikimbia nyumbani na flash mfukoni, nikaichomeka, na televisheni ikaandika kwamba haijui faili ya aina hii. Nikarudi Birere kwa miguu.

"Ah," alisema yule mwanaume, "pale ni lazima kubadilisha format. Ile haikukuwa ndani ya bei."

"Mbona haukuniambia?"

"Haukuuliza."

Nilikuwa na jibu, lakini lilinijia nilipokuwa nimeshafika mzunguko wa barabara, kama kawaida yangu. Nilikuwa nimekwisha kulipa mara ya pili.

Jumapili baada ya misa tulikaa watatu mbele ya televisheni. Mama alikuwa hajavua kitenge chake cha kanisani. Karamu ikafunguka. Tukaona hema la maturubai ya bluu, makreti ya soda, watoto wamekaa chini mbele, na rumba ikipigwa. Tulidhani ni muziki wa karamu yenyewe. Mama alikuwa akitaja watu: huyu alikufa, huyu yuko Kampala, huyu alikula sahani tatu. Kisha baba akainuka. Akapewa maikrofoni, akaipuliza, akafungua mdomo.

Rumba ikaendelea.

Mdomo wake ulikuwa unatembea. Alinyoosha mkono kuelekea wazee, na wazee wakacheka meno yote nje, na juu ya kicheko chao gitaa likalia.

"Ongeza sauti," mama alisema.

Nikaongeza. Gitaa nalo likaongezeka. Niliongeza mpaka jirani akagonga ukuta wa mbao.

"Zima muziki basi, tusikie mutu."

"Mama, muziki uko ndani."

Baba alisema kwa dakika kumi hivi. Tuliangalia zote. Aliketi, watu wakapiga makofi ambayo hayakusikika. Dada alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili ingawa mimi ndiye niliyekuwa nikibonyeza vitufe vya televisheni kwa mkono, maana rimoti ilikuwa bila betri.

Mama akatueleza. "Watu ya studio waliniuliza kama watie muziki ili ipendeze. Nikasema sawa. Wakati ule harusi bila muziki juu yake ilionekana sawa na matanga." Akajishika kichwa. "Na kaseti nikapatia ndege."

Dada alisema haina shida. Alisema hivyo haraka mno, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumatatu nilirudi Birere mara ya tatu. Sikutaka kwenda, lakini nilimwona dada asubuhi akikunja nguo za kwenda nazo Butembo, na sikuweza kukaa. Nikamwambia yule mwanaume atoe muziki, abakize maneno.

"Petit, wewe unaweza kutoa sukari ndani ya chai?"

"Hakuna njia?"

Akafikiri, na nikaona uso wake unaamka. "Iko kitu mupya. Akili ya mashine. Unaniletea sauti ya ndugu ya huyu papa, mashine inatengeneza sauti yake, na mudomo unafuata. Haiko bei ya leo, lakini hii ndiyo ya mwisho, baada ya hii hautasumbuka tena."

"Atasema nini?"

"Kile wewe utaandika."

"Basi haitakuwa yeye," nilimwambia. Mara hii jibu lilinijia nikiwa bado ndani ya kibanda, na nililitumia. Nikachukua flash yangu nikatoka.

Ijumaa yake nilikuwa nje nikijaza makaa kwenye viroba. Dada alikuwa ndani anashona, na televisheni ilikuwa inaendelea, kwa kuwa alipenda angalau kumwona baba akipita. Akaniita. Aliniita vile mtu anavyoita akiona nyoka, kwa sauti ya chini.

"Njoo usikie. Baada ya hotuba, wimbo ukiisha, mbele ya mwingine kuanza."

"Rudisha nyuma."

"Inakataa. Nikibonyeza inarudi mwanzo kabisa."

Hilo nalo. Mashine ya kaseti, nzito na ya zamani, ilikuwa inarudi nyuma popote ulipotaka. Hii ya leo inajua kuanza upya tu. Basi tukaanza upya. Makreti, watoto, ndugu wa Kampala, sahani tatu, hotuba isiyosikika. Tulingoja zaidi ya nusu saa, mimi na mikono myeusi nimesimama ili nisichafue kiti. Mama alikuja akasimama mlangoni, na kopo la kupimia makaa mkononi.

Baada ya hotuba kuna mahali ambapo kamera inatembea hadi kwenye sufuria. Baba yuko pale, amevua koti, anazungumza na watu wanaopakua. Wimbo unafifia. Sahani zinagongana. Halafu:

"Hapana, wamama bakule kwanza. Sisi tutakula ya chini ya sufuria."

Gitaa la wimbo mwingine likaingia, na ikawa imekwisha.

"Ni yeye?" dada aliuliza.

"Ni yeye," mama alisema.

"Mbona sauti iko nyembamba hivi?"

"Siku ile alikuwa na mafua," mama alijibu upesi. "Usimuzarau papa yako. Siku zingine alikuwa na sauti ya mwanaume."

Dada akacheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa kipande cha kitambaa alichokuwa anashona, kikiwa bado na pini, na alipokifunua hakuwa anacheka tena. Akasema turudie. Tulirudia mara mbili nyingine siku ile, kila mara tukipita kwenye dansi yote, na makaa yangu yakabaki nje bila mwenyewe. Mara ya mwisho aliegemeza simu yake kwenye spika ya televisheni akainasa. Sasa anayo. Sekunde nne au tano, pamoja na kikohozi changu mwishoni, kwa sababu ya vumbi la makaa.

Juma lililofuata akaja kijana atakayechukua video ya harusi yake. Alikunywa soda yetu, akatuuliza tunataka kuipokea kwa namna gani.

"Kwa flash, ama kwa simu, ama tunaweka kwa internet munatazama kule. Mi nawashauri internet. Flash inaanza kuisha."

Mama aliangalia kile kitambaa alichofuma, na mashine zilizo chini yake. Nikasema mimi.

"Kwa namna yoyote. Lakini mahali watu wanasema, usitie muziki."

"Bila muziki?"

"Bila."

"Pale bei inabadilika, grand, mukubwa wangu. Muziki unasaidia kuficha makelele. Sahani, watoto, watu ya kukohoa. Kama hakuna muziki ni lazima nisafishe yote ile."

Dada alikuwa anapinda upindo wa gauni lake mwenyewe, na hakuinua macho.

"Usisafishe," alimwambia. "Acha makelele."