Kahawa ya Kutafuna

Nilipokwenda peke yangu kukaa wiki moja kijijini pwani, mama alinifungia kahawa ya kutafuna kutoka shambani kwetu Kimuli, nimpe mwenyeji wangu. Kwetu mgeni hupewa punje chache kiganjani, akazitafuna na maganda yake. Bibi aliyenipokea kule alizitwanga zote, akazichemsha. Nilinuna kama mtoto. Kahawa ile ilinuka majani iliyochemshwa nayo kwetu na moshi wa kukaushia, lakini bibi alimaliza kikombe bila kukunja uso.

“Mwambie mama ahsante, mwanangu.”

Hasira ikaniisha, nikabaki na shukrani.

Nilipoondoka alimfungia mama pweza mkavu. Mama hakuwahi kuona pweza maishani. Alimpika na ndizi, akala, na huku bado anatafuna akaniambia, “Mpigie yule bibi. Mwambie ni mtamu sana.”